Saa ya Kupumzisha Mpunga

Mimi huandika polepole. Shuleni nilikuwa wa mwisho kunakili. Mwalimu alikuwa anafuta ubao mimi bado nipo mstari wa tatu, na nilipoishia darasa la saba hakuna aliyeshangaa. Haya nimeyaandika kwa wiki kadhaa kwenye daftari la mistari, mchana, wakati mpunga unapumzika. Zamani muda huo niliutumia kuperuzi kwenye simu, nikisema na mimi napumzika. Sasa sina uhakika na neno hilo, na nataka kueleza uhakika ulivyonitoka.

Nimetoka Malinyi. Nilikuja Ifakara nikiwa na miaka kumi na minane, kwa shangazi, ambaye alinitafutia kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Baada ya miezi michache shangazi akahamia Morogoro kumfuata mume wake. Mimi nikabaki na kazi, na chumba kimoja cha kupanga chenye mlango unaotazama ukuta wa jirani.

Kazi yangu si ya ndani kwenye kelele. Ni ya uwanjani. Mpunga ukifika kutoka mashambani mara nyingi bado una unyevu, na ukiingia kwenye mashine hivyo unapondeka. Kwa hiyo tunauanika juu ya maturubai, unatandazwa mwembamba, halafu natembea ndani yake peku nikiburuta miguu, ili punje za chini zije juu na za juu ziende chini. Nikifika mwisho wa turubai nageuka. Nyuma yangu inabaki mifereji kama ya jembe dogo.

Jua likifika utosini kazi hiyo inasimama. Mpunga uliopata moto mkali haupelekwi moja kwa moja kwenye mashine, maana punje zake zinakatika na kutoka chenga tupu. Chenga hazitupwi. Zinapikwa uji, zinasagwa vitumbua. Lakini hakuna anayemwandalia mgeni chenga. Basi tunaukusanya mpunga, tunaulundika kivulini chini ya upenu wa ghala, tunaufunika kwa magunia na kuuacha mpaka joto lake lishuke lenyewe. Hiyo ndiyo saa ya kupumzisha mpunga. Wakati huo na sisi tunakaa.

Fundi wa mashine, mwanamume mwenye vumbi la pumba mpaka kwenye kope, alinizoea kwa utani. Akipita aliuliza kama leo nimeshafikisha maneno kumi. Siku moja aliwaambia wabeba magunia kwamba nikifa watajua kwa sababu mpunga haujageuzwa, si kwa sababu wamekosa kunisikia. Walicheka, na mimi nilicheka, maana hakuwa mtu mbaya. Lakini nikirudi chumbani nilihesabu kweli. Siku nyingine, ukitoa shikamoo zangu kwa wateja, maneno hayakufika kumi.

Mtu mmoja tu nilikuwa naye. Alikuwa mama mmoja wa makamo, mjane, mkulima wa Namawala, aliyeleta mpunga wake kwetu mara mbili tatu kila msimu. Alilima mbegu ya shingo ya mwali, punje ndefu na nyembamba, tamu lakini inavunjika upesi. Hakupenda kumwachia mtu yeyote mpunga wake, kwa hiyo siku za kwanza alinisimamia kutoka ukingo wa turubai, akitazama miguu yangu. Siku ya tatu aliacha kunisimamia. Saa ya kupumzisha ilipofika alitandika gunia upenuni, akanipigapigia mahali pa kukaa, akafungua kitambaa chenye viazi vitamu vya kuchemsha na kunikatia nusu.

Hakuwa msemaji sana. Alisema jambo moja, tukakaa, kisha baada ya muda akasema jingine. Wapo watu ambao ukinyamaza mbele yao unaona unadaiwa neno. Kwake sikudaiwa. Tulisikia mashine ikinguruma ndani, kuku wakiparua pumba, kengele za baiskeli barabarani. Tulikaa tu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kupima. Aliinua ncha ya gunia siku moja akasema, "Tia mkono."

Nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na joto kama la mwili wa mtu mwenye homa.

"Joto hilo likilingana na la mkono wako, hapo umepumzika," alisema. "Kabla ya hapo uache. Na usifunuefunue kila saa kuangalia. Ni kama mgonjwa aliyepata usingizi."

Msimu uliofuata nilinunua simu ya kupangusa. Ilikuwa imetumika, kioo kimepasuka kona, lakini ilikuwa yangu. Nilimwonyesha. Akatazama video ya mbuzi aliyepakiwa kwenye pikipiki na kufungwa kitambaa kichwani, akacheka, akasema macho yake hayawezi vitu vidogo hivyo. Tangu siku hiyo nilikula kiazi kwa mkono wa kulia na simu ikiwa mkono wa kushoto. Alipozungumza niliitikia. Nakumbuka nilikuwa naitikia. Alichosema sikumbuki, na sijui ni lini alipunguza kusema.

Nikitoka kazini ilikuwa hivyo hivyo. Nilioga, nikala, nikajilaza godoroni na kuanza kupandisha kwa kidole. Mtu anaosha zulia chafu. Mtu anapika kwenye jiko zuri. Mtu analia, sijui kwa nini, nishapita. Wale niliosoma nao waliokwenda Dar es Salaam na Morogoro walikuwa wanaweka picha zao, na mimi nilizitazama zote bila kuandika hata neno moja, kama mtu anayechungulia dirishani kwa watu na kuondoka kabla hawajageuka. Mama yangu akipiga kutoka Malinyi kuuliza nafanya nini, nilimjibu, "Nimepumzika tu, mama." Niliamini hivyo. Miguu ilikuwa imenyooka. Nisingeita nini?

Mwezi wa saba, msimu huo huo, mama wa Namawala alikuja na magunia matatu na habari njema. Binti yake wa mwisho alikuwa amepata mchumba, kijana wa upande wa Mahenge, na wazee wa kijana wangefika Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mchele wa siku hiyo alitaka uwe wa shamba lake mwenyewe, na uwe punje nzima.

"Wale watatazama sahani kwanza, ndipo wamtazame binti," alisema, akacheka peke yake. Kisha akaniambia, "Na wewe uje. Uje Ijumaa ulale kwangu, unisaidie kuchagua mchele na kupika. Nitakupigia nikwambie upande gari gani."

Nilikuwa karibu namaliza mwaka wa tatu Ifakara, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia uje. Nilisema ndiyo, mama. Niliomba ruhusa ya Jumamosi kwa mwenye mashine siku hiyo hiyo, mimi ambaye hata kuomba maji naona haya. Jioni nilifua gauni langu la kanisani ingawa zilikuwa zimebaki siku nane, nikalitundika kwenye msumari ili nilione.

Kwa ile furaha nikafanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya. Nilimwandikia ujumbe msichana niliyekaa naye dawati moja darasa la sita na la saba. Alikuwa Dar es Salaam, anauza nguo, anapendwa na watu wengi kwenye simu. Nilimwandikia kwamba ni mimi, wa dawati la dirishani, kwamba nampongeza kwa duka, kwamba nipo Ifakara na Jumamosi nimealikwa kwenye sherehe. Nilitumia karibu saa nzima, nafuta na kuandika upya. Nikautuma. Baadaye alama zikaonyesha ameusoma. Hakujibu.

Kesho yake mpunga wa mama wa Namawala ulikuwa turubaini tangu asubuhi. Yeye alitakiwa hospitali kuonyesha macho, na foleni ya huko ni ya kutwa. Aliniita pembeni.

"Kivuli chako kikiwa kifupi, ukusanye. Usingoje mtu akwambie saa."

Nikasema ndiyo, mama. Ilikuwa mara ya kwanza kuuacha mpunga wake na mtu.

Niligeuza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nikaona miguu imechoka, nikasema nikae kidogo nipumzike kabla ya kukusanya. Nikakaa upenuni na kufungua simu kuona kama nimejibiwa. Sikuwa nimejibiwa. Lakini yule msichana alikuwa ameweka video mpya, maana yake alikuwa hewani, maana yake angeweza kujibu dakika yoyote. Nikasubiri. Katika kusubiri nikatazama nyingine, na nyingine. Kila baada ya video mbili nilirudi kwenye ujumbe wangu. Sikuwa na raha hata kidogo. Ningeulizwa ningesema napumzika.

Nilipoinua kichwa na kutoka juani, kivuli changu kilikuwa kimeshahama upande wa pili. Niliruka kwenye turubai, nikashindwa kukanyaga. Mpunga ulichoma nyayo zangu, nyayo ambazo zimezoea. Nilianza kuukusanya kwa ubao. Nilikuwa bado sijaufikisha kivulini fundi alipotokeza mlangoni akaniita. Zamu ya magunia matatu ya Namawala imefika, akasema, na mfanyabiashara yupo nyuma na shehena yake; zamu ikipita ni kesho kutwa.

"Umepumzika huo?" aliuliza.

Ningeweza kusema bado. Ni neno moja, na angenisikia. Lakini angeuliza kwa nini, na wabeba magunia walikuwa wananitazama, na mimi mbele za watu jibu linalokuja haraka ni lile linalomaliza mazungumzo. Nikasema, "Ndiyo."

Mchele ulitoka chenga. Si wote, lakini nusu na zaidi. Fundi alichota kiganjani, akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakutania.

Mama alirudi jua likiwa limeshuka. Walikuwa wamemtia dawa machoni, vitu vya karibu haoni, kwa hiyo hakutazama. Alifungua gunia, akaingiza vidole, akasugua mchele kwa kidole gumba, polepole. Akafungua la pili. Nilisimama naye. Nilitamani anitukane.

"Mpunga ulipumzika?" aliuliza.

"Haukupumzika, mama."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa. Nilikuwa napumzika."

Macho yake yalitulia juu ya bega langu kwa sababu ya ile dawa. "Ulipumzika kweli, mwanangu?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama anavyouliza mtu kama umekula. Shingo ilikuwa inaniuma, macho yalikuwa makavu, na ile hali ya kusubiri ilikuwa haijaniachia tangu jana. Akasema, "Haya," akafunga magunia, wakampakilia kwenye trela la pawatila, lile trekta dogo la kushikwa kwa mikono, lililokuwa linarudi Namawala. Nilimwambia pole. Alisema ameshapoa. Habari ya Ijumaa hakuitaja, na mimi sikuweza kuuliza.

Ijumaa hakupiga. Jumamosi nilikuwa na ruhusa, kwa hiyo nilikaa chumbani. Nilisema labda atapiga asubuhi, labda kuna gari la mchana. Simu ilibaki mkononi, maana ndiyo ambayo angepigia, na ikiwa mkononi kidole kinaenda chenyewe. Niliangalia watu kutwa nzima. Watu walikuwa wanasuka, wanahama nyumba, wanagombana na majirani, wanakata keki. Gauni lilikuwa kwenye msumari.

Kama saa tisa jibu kutoka Dar es Salaam likaja. Mioyo miwili myekundu, na neno moja, asante. Nilifurahi kwa muda wa kunywa glasi ya maji. Kisha nikaona kwamba asante hiyo hiyo, na mioyo hiyo hiyo, ilikuwa chini ya pongezi za watu wote.

Ilipofika jioni nilikuwa nimechoka. Nataka kulieleza hili vizuri, kwa sababu ndilo lililonifanya nitafute daftari. Nimewahi kugeuza mpunga wa shehena nzima peke yangu, na usiku wake nililala kama gogo, asubuhi nikaamka mzima. Jumamosi ile sikugeuza hata turubai moja. Nililala chali kutoka asubuhi mpaka jioni, na nilichoka uchovu usio na mahali. Siwezi kusema ni mguu wala mgongo. Nilijiuliza, kama yale yalikuwa mapumziko, yalipumzisha nini?

Sisemi simu ni mbaya. Wakati mmoja malaria ilinilaza siku tatu, na mzee mmoja wa kwenye simu, anayetengeneza viti vya mbao bila kusema neno, ndiye aliyekaa na mimi mle chumbani. Nilimtazama mpaka nikalala. Pengine siku zile nilipumzika, kwa sababu sikumngojea anijibu. Sijui. Ninachojua ni kwamba siku nyingine zote nilikuwa kama mtu anayefunua gunia kila dakika kuangalia kama mpunga umepoa, na ambaye anashangaa kwa nini haupoi.

Mama hakuja tena msimu ule. Nilisikia kwa fundi kwamba alipeleka mpunga uliobaki kwenye mashine nyingine, karibu na stendi. Fundi alisema bila kunitazama. Siku hizo nilianza kuacha simu chumbani, si kwa uamuzi mkubwa. Niliona aibu kuishika mahali pale pale. Saa ya kupumzisha ikawa ndefu mno. Sikujua mikono iwekwe wapi. Niliokota punje na kuzimenya kwa kucha. Nilisikia kuku, nikasikia baiskeli, na nikasikia kwamba upande wangu wa kulia hakuna mtu. Hapo ndipo nilipoanza kuandika, kwanza orodha ya vitu nilivyosikia, baadaye haya.

Mvua zilikuja, bonde likajaa maji, likakauka. Mavuno ya mwaka huu yalipoanza nilitazama kila trela linaloingia. Wiki ya tatu akaja. Nilimwona kwa mbali, nikajificha nyuma ya ghala kama mtoto, kisha nikatoka kwa sababu mpunga hauwezi kujitandaza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Akasema mashine ile nyingine hawana kivuli cha kutosha. Turubai alilitandaza mwenyewe. Mpunga aliugeuza mwenyewe, kwa miguu yake, na mimi niligeuza wa mtu mwingine turubai la pili. Tulipishana mara nyingi bila neno. Jua lilipofika utosini alianza kukusanya, na turubai la magunia matatu mtu mmoja hawezi kulikunja. Nikaenda nikashika ncha ya upande wa pili. Hakunikataza. Tuliburuta pamoja mpaka upenuni, tukalundika, tukafunika.

Nilikaa mbali kidogo, nikampa nafasi. Alifungua kitambaa, akakata kiazi, akaninyooshea nusu bila kunitazama. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mtupu, na nadhani aliuona, kwa sababu baada ya muda alianza kusema. Alisema wakwe walikula vizuri. Mchele mzima aliupata kwa dada yake. Zile chenga walizila yeye na binti mpaka harusi. Alisema binti ameshakwenda Mahenge, na nyumba imekuwa kubwa. Asubuhi anapika kwa kipimo kile kile, halafu anakumbuka.

Nilitaka kumwambia kuhusu gauni kwenye msumari. Nilitafuta namna ya kuanza na sikuipata. Nikasema tu, "Pole, mama." Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaegemea ukuta, akafumba macho. Sijui kama alilala. Mimi nilikaa. Haikuwa rahisi, mara mbili mkono ulikwenda mfukoni kutafuta simu ambayo haikuwepo. Mashine ilinguruma. Baadaye sikuwa naisikia tena.

Aliposema, alisema akiwa bado amefumba macho.

"Tia mkono."

Niliinua ncha ya gunia, nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilikaa nao humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ili nisikosee.

"Bado, mama," nilisema.

"Basi tukae."